Mkate wa Siku Tano

4 Februari

Mdogo wangu,

Sisi huku hatujambo, nanyi tunawaombea hivyo hivyo. Mama jicho la kushoto bado linamsumbua, lakini la kulia linaona kila lisichotakiwa kuona. Jana kanikuta natia kijiko cha tatu cha sukari kwenye chai, akanisema mpaka chai ikapoa. Wifi mpe salamu, na watoto waambie shangazi yao yupo na bado mkali.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu ulisema mwenyewe, tulipomaliza msiba wa baba, kwamba mambo ya pesa zake hutaki kuyasikia kwenye simu, yaandikwe ili yabaki. Haya, yanaandikwa.

Mwenye nyumba alikuja wiki iliyopita. Anahamia kwa mwanawe na nyumba anaiuza. Kwa kuwa tumekaa humu miaka thelathini na sita, na tanuri la uani baba alilijenga kwa mikono yake, ametupa sisi nafasi ya kwanza. Bei aliyotaja haitapanda mpaka mwisho wa Juni. Nilimwambia aiandike, akaiandika.

Unajua baba alivyoacha: hati fungani za serikali, amana ya muda maalumu benki, na hisa za kiwanda cha saruji. Vyote viko kwa majina yetu mawili na hakitoki kitu bila sahihi mbili. Nilikaa nikapiga hesabu kwa njia yangu, kwa magunia ya unga, maana noti siku hizi hazinielezi kitu. Baba alipofariki, hati na amana kwa pamoja zingenunua magunia mia nane. Leo zinanunua mia sita na hamsini, na hakuna aliyezigusa. Riba inaingia kila miezi sita, unga unapanda kila wiki mbili, sasa niambie nani atamfikia mwenzake. Nyumba anaitaka kwa pesa ya magunia mia sita. Ninachosema ni tuvunje hati na amana, tukatwe hicho watakachotukata, tununue. Hisa tusiziguse. Saruji ikipanda nazo zinapanda, zenyewe zinajitetea.

Fomu mbili zimo humu. Sahihi iwe ya wino wa bluu, mweusi wanaukataa, na wanataka karatasi yenyewe, hawapokei picha. Mama hajaambiwa kwamba nyumba inauzwa. Mtu wa miaka sabini na nane simpi habari ya kuhama kabla sijajua kama tunahama.

Dada yako

2 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe kumi na tisa. Sisi ni wazima. Mkubwa ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anacheka kwa mkono mdomoni. Mke wangu anawasalimu wewe na mama.

Kazini hakujabadilika. Juzi nilimkamata muuza nyama aliyegandisha sumaku chini ya mizani. Mtu mzima mwenye mvi, aliniapia kwa watoto wake wote wanne mpaka nilipoishika ile sumaku. Miaka kumi na saba nakagua mizani za watu, na nimeona kwamba anayenipa maelezo mengi kabla sijamuuliza, huyo ndiye huwa nampima mara mbili.

Fomu nimeziona na sijazitia sahihi. Usikasirike. Hati za serikali hazina mtu wa kunilaghai: karatasi inasema asilimia tisa, wanalipa asilimia tisa. Nyumba ina mwenye nyumba, ina dalali, ina wakili, na kila mmoja ana mfuko. Halafu hesabu yako ya magunia imenitatiza. Nani kakwambia bei ya unga ndiyo bei ya kila kitu? Unga unanunua wewe, risiti unashika wewe, na hesabu unapiga wewe.

Naomba unitumie nakala ya hiyo karatasi ya mwenye nyumba, taarifa ya benki ya miezi kumi na miwili, na risiti zako za unga za muda huo. Pia nieleze, haraka hii yote ya nini?

Mdogo wako

21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amefurahi kusikia habari za meno, anasema wewe ulipong'oka yako uliyahesabu kila asubuhi kuona kama kuna aliyeiba. Ndiyo maana baba alikuita Mpelelezi. Naona jina halijakutoka.

Ulivyoomba vyote vimo. Risiti ni arobaini na mbili, nimezipanga kwa tarehe, na ile yenye doa ni samli, si kwamba nimefuta kitu. Angalia mwenyewe unga, sukari, hamira, kuni. Wiki hii nilikwenda duka la jumla nikamkuta karani anaandika bei ubaoni kwa penseli, hafifu hata hazisomeki. Nikamuuliza kalamu imekwisha? Akaniambia, mama, kalamu siku hizi ni hasara. Uliuliza haraka ya nini, basi jibu langu ni hiyo penseli.

Kuna jambo moja. Ulisema miaka mitatu iliyopita kwamba una akiba yako mwenyewe imesimama vizuri. Benki nimewauliza makato yao, yatatuacha karibu sana na bei ya nyumba, na wakili naye atataka chake. Ungeweza kuongeza kidogo? Mimi nitatoa cha kwangu cha tanuri.

Fomu nimekuwekea nyingine, isije ikawa za kwanza zimepotea chini ya mafaili yako. Leo ni Machi. Barua inakula wiki mbili kwenda na wiki mbili kurudi. Wewe ni mtu wa hesabu.

Dada yako

30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, tulikuwa na ukaguzi wa vituo vya mafuta. Sisi hatujambo. Mdogo alipata homa, imepoa.

Risiti nimezipitia moja moja. Sina la kusema juu yake, kwa sasa. Ya akiba yangu tuyaache, iko salama mahali pake na sitaki tuichanganye na hizi za baba.

Nina maswali mawili. Risiti zinaonyesha unga umepanda karibu theluthi moja kwa mwaka. Mbona bado unauza mikate na wateja wako bado wanakuja? Waoka mikate ninaowakagua huku, unga ukipanda, mkate unakonda. Wewe unafanyaje?

La pili ndilo kubwa. Barua mbili umeniandikia habari za nyumba, ukanieleza bei, tarehe, makato, mpaka rangi ya wino. Hukusema karatasi za nyumba zitaandikwa jina la nani.

Mdogo wako

19 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima, mimi mzima. Pole kwa homa ya mtoto.

Mkate wangu una gramu mia tano, kama alivyonifundisha baba. Bei nimepandisha mara nne na kila mara nimewaambia wateja kwa mdomo wangu. Wapo walionuna, wapo waliohama, mmoja kanitukana mbele ya mama. Ila uzito sijaugusa. Donge la unga napima mia tano na sitini kwa sababu moto unakula sitini zake, na ukitaka kujua nimelijuaje hilo, muulize aliyenichapa mwiko nilipokuwa na miaka kumi na mbili.

Swali lako la jina nimelisoma mara tatu, nikaikunja barua, nikarudi kwenye unga wangu. Sitalijibu. Kama baada ya miaka yote hii bado inabidi uliulize, jibu langu halitakusaidia.

Sasa na mimi niulize langu. Jumatatu hii asubuhi alikuja mteja nisiyemjua, shati limepigwa pasi, kucha safi, mkoba wa ngozi. Alinunua mkate mmoja tu. Akataka risiti ya mkate mmoja. Akataka ufungwe kwa karatasi, si mfuko, akaniuliza umetoka motoni saa ngapi. Halafu akauinua mkononi, akaushusha, akauinua tena. Mkono ule naujua. Nyumbani kwetu ni mtu mmoja tu aliyekuwa anainua chakula hivyo kabla ya kukila.

Unamfahamu?

Fomu za tatu hizo. Imebaki mwezi mmoja na siku kumi na moja.

Dada yako

3 Juni

Dada,

Shikamoo. Wote wazima.

Sitakuficha. Yule ni mwenzangu wa ofisini, tunamwita Kilo Kamili. Alipita huko kikazi, nikamwomba aninunulie mkate wako. Alirudi Ijumaa jioni na tukaupima pamoja, mara tatu, kwa mizani ya ofisi iliyothibitishwa mwezi huo huo.

Gramu mia nne hamsini na tisa.

Dada, gramu arobaini na moja kwa kila mkate, mikate mia mbili kwa siku. Kama ni mfanyabiashara mwingine ningekwisha mwandikia faini. Ningependa uniambie ni bahati mbaya ya siku moja. Lakini umeniandikia kwa mkono wako kwamba uzito hujaugusa, na huku hutaki kuniambia jina litakaloandikwa kwenye nyumba. Mtu anayepunja kwenye mkate nitamwaminije kwenye nyumba? Nimeumia kuandika hivyo, lakini nimeandika.

Fomu ninazo zote sita. Nitakapopata maelezo nitazitia sahihi au nitazirudisha.

Mdogo wako

24 Juni

Sina salamu leo.

Kilo Kamili alinunua Jumatatu. Mmepima Ijumaa. Soma tena sentensi hizo mbili, wewe mwenye miaka kumi na saba kazini.

Mkaguzi wa huku huwa anakuja asubuhi na anapima mkate wa siku ile ile, na alinionyesha kanuni yenyewe kwenye kitabu chake chenye jalada la kijani. Kitabu hicho hata wewe unacho, uliwahi kukiacha mezani kwetu tukakiwekea sufuria. Hajanikuta na kosa hata mara moja.

Nimeuweka mkate mmoja rafuni ndani ya karatasi, kama ulivyosafiri ule wako, nikaupima kila asubuhi mbele ya mama. Jumatatu mia tano na mbili. Jumanne mia nne tisini. Jumatano mia nne sabini na tisa. Alhamisi mia nne sitini na nane. Ijumaa mia nne hamsini na tisa. Hakuna aliyeumega wala panya hajaugusa. Umekaa tu.

Na pesa za baba zinakaa hivyo hivyo. Unazitazama kila mwezi kwenye taarifa ya benki, unaona hazijamegwa, unalala usingizi. Wewe mtu wa mizani ndiye ulipaswa kunieleza mimi jambo hili, si mimi nikueleze wewe.

Nimelia, na sioni kwa nini nikufiche. Sikulia kwa sababu ya nyumba. Nililia kwa sababu ulimtuma mtu aje mlangoni kwangu na mkoba, na nikamfungia mkate vizuri, na nikamrudishia chenji.

Zimebaki siku sita. Barua hii itakufikia zikiwa zimekwisha. Mwenye nyumba nimemwomba wiki tatu zaidi, amekubali mbili.

20 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, kama bado unaipokea.

Barua yako ilifika tarehe saba. Nilikwenda kwenye kabati la ofisi nikachukua kile kitabu cha kijani, nikafungua ukurasa ambao huwa nawasomea wenzangu wapya kwa kichwa. Mkate upimwe kabla ya saa kumi na mbili kupita tangu utoke motoni. Ningemfukuza kijana yeyote ambaye angepima mkate wa siku tano halafu akamwandikia mtu kosa. Kilo Kamili mwenyewe alinong'ona jambo Ijumaa ile, nikamwambia asome namba tu. Nilitaka iwe pungufu, dada. Sijui nikuelezeje vizuri zaidi ya hivyo.

Ila inabidi nikueleze na ile sehemu ambayo nimekuwa nikiiruka. Akiba yangu haipo. Miaka miwili iliyopita mhasibu wetu, mtu mpole asiyejisifu, alituletea mpango wa kuweka pesa ili zisiliwe na bei. Kila robo mwaka faida inaipita bei ya soko, tuliiona kwenye karatasi zake. Robo mbili alilipa. Ya tatu alihama na mezani pake tukakuta kikombe tu. Miaka kumi na moja ya akiba. Mke wangu hajui mpaka leo, anadhani tunasubiri hati ziive. Tangu hapo, mtu akinieleza jinsi ya kuziokoa pesa na bei, nasikia sauti ya yule mhasibu, na wewe ulikuwa unanieleza vizuri mno.

Nilipaswa kukutumia fomu siku ile ile ya tarehe saba. Nilikaa nazo siku kumi na tatu kwa aibu, nikitafuta namna ya kuandika haya. Zimo humu, zote zina sahihi ya bluu. Kama nimechelewa, niambie waziwazi.

Mdogo wako

28 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, napokea. Mama hajambo, jicho limepatiwa dawa mpya. Mimi mgongo tu. Wanangu hao hawajambo? Wifi mwambie ukweli kabla hajaukuta mwenyewe. Mimi nimekwisha onja jinsi inavyokuwa.

Nimenyamaza muda mrefu kwa sababu nilikuwa sijui nitaandika nini bila matusi. Uliniomba nikuambie waziwazi. Fomu zako zilifika tarehe tatu Agosti. Mwenye nyumba alikwisha uza tarehe kumi na sita Julai, kwa muuza vipuri vya magari, kwa pesa ya magunia mia saba. Fomu nilizipeleka hata hivyo, zisizidi kuliwa, na benki ilitulipa mwanzoni mwa mwezi huu. Zile zilizokuwa mia sita na hamsini sasa zinanunua, nimehesabu mara mbili ujue, magunia mia nne na sabini. Hisa za saruji hazijapungua hata kilo, bado ni mia na themanini kama zilivyokuwa.

Tanuri walilivunja Jumanne kupata pa kuegesha magari. Walinikubalia nichukue matofali. Nimepata mia mbili na kumi mazima, na kwenye moja la chini kuna alama ya kiganja cha mtoto, nadhani ni chako. Nimelitenga.

Kuhusu swali lako la jina. Rasimu ya mauzo iliandikwa Februari, ninayo bado. Mnunuzi ni mama. Mimi na wewe tulikuwa mashahidi tu.

Mama ilibidi aambiwe. Aliniuliza kwa nini hatukununua wakati baba aliacha pesa na mwenye nyumba alitusubiri. Nikamwambia posta ilichelewesha barua. Akaisema posta siku nzima. Sijawahi kumpunja mtu hata gramu, hilo sasa unalijua, lakini hapo nilipunja, na kama atakuuliza useme hivyo hivyo nilivyosema mimi.

Sasa sikiliza. Nyuma ya yadi ya mbao kuna nyumba ya vyumba viwili, ina uwanja unaotosha tanuri dogo. Wanataka pesa ya magunia mia tano na arobaini. Tukiongeza sehemu ya hisa inatosha, na zitakazobaki tutaziacha zijitetee. Mwenyewe anasubiri mpaka tarehe thelathini na moja Oktoba na hana sababu ya kutupenda. Fomu imo humu. Mpaka wakati huo tuko chumba kimoja cha kupanga, mama kitandani, mimi chini na mashine ya kukandia.

Dada yako

12 Oktoba

Dada,

Barua yako nimeipokea leo saa nne asubuhi. Niliifungua pale pale posta, nikaitoa fomu, nikaazima kalamu ya bluu kwa karani wa dirishani nikaitia sahihi, kisha ndipo nikasoma ulichoandika. Naituma kwa ile ya haraka, wameniahidi siku nne.

Mke wangu nimemwambia usiku wa kuamkia jana. Hatuzungumzi vizuri bado.

Mama usimdanganye kwa ajili yangu. Mwambie haikuwa posta, nilikuwa mimi. Nimeomba likizo, nitafika mwanzoni mwa Novemba kujenga tanuri, nami nitamwambia mwenyewe, lakini nataka ajue mapema, ili siku akinifungulia mlango awe anajua anamfungulia nani.

Lile tofali usilitumie mpaka nije.

Mdogo wako